Kitufe cha Backspace Hakifuti Kwenye Seva ya Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaoingia kwenye seva kwa SSH au Telnet (njia za kuifikia kompyuta ya mbali kupitia mtandao) au kwa kebo ya console inayochomekwa moja kwa moja, wakakuta kitufe cha kufutia kinafanya vituko. Tatizo hili linaudhi kuliko ukubwa wake, na dawa nyingi zinazozagaa hupakwa pasipouma. Kanuni ninayoishikilia mwanzo hadi mwisho ni hii: jua kwanza kitufe chako kinatuma nini na upande wa pili unasubiri nini, ndipo uguse mpangilio wowote.

## Mambo ya msingi

1. Nikibonyeza Backspace herufi haifutiki, zinatokea alama ^H au ^?. Kuna nini?

Kitufe cha Backspace chenyewe hakifuti chochote. Kinatuma namba moja kwenda kwenye seva, na seva ndiyo inayoamua namba hiyo ina maana gani. Terminali (dirisha au kifaa unachoandikia amri) nyingine hutuma 8, ambayo kwenye skrini huandikwa ^H. Nyingine hutuma 127, inayoandikwa ^?. Seva nayo imewekewa namba moja ya kuitambua kama "futa". Zikilingana, herufi inafutika na wala huna habari. Zisipolingana, seva inaichukua namba uliyotuma kama herufi ya kawaida, inaiweka kwenye mstari wako na kukuonyesha alama yake.

Kwa hiyo kibodi yako ni nzima, na hakuna haja ya kusakinisha upya chochote. Ila elewa kwamba ulichokiona kwenye skrini kimeingia kweli. Ukiona `lss^H` kisha ukabonyeza Enter, seva imepokea herufi nne, ya nne ikiwa ile namba 8.

2. Kwa nini kuna namba mbili kwa kazi moja?

Ni urithi wa mashine za zamani. Jedwali la ASCII, linalopa kila herufi namba yake, kama lilivyorekebishwa mwaka 1967, lina zote mbili: 8 ni kurudi nyuma hatua moja, 127 ni kufuta. Siku hizo data ilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, na tundu likishatobolewa halizibiki. Mwandishi akikosea, alirudisha utepe nyuma na kutoboa nafasi zote saba juu ya herufi mbovu. Nafasi saba zote zikiwa na tundu ndiyo 127, na mashine iliyosoma utepe iliiruka.

Kampuni ya DEC ilipotoa terminali ya VT100 mwaka 1978, kibodi yake ilikuwa na vitufe viwili, kimoja cha 8 na kingine cha 127. VT220 ya mwaka 1983 ikabakiza kimoja kinachotuma 127. Kompyuta za IBM PC, zilizotoka 1981, zilishika njia ya 8. Linux ikaifuata VT220, na sera ya Debian inaagiza hivyo kwa maandishi: Backspace itume 127, na kitufe cha Delete kitume mfuatano wa `ESC [ 3 ~`. Programu ya xterm, kwa upande wake, ilituma 8 kwa miaka mingi. Warithi wa pande zote bado wapo kazini, ndiyo maana ugomvi haujaisha.

Unix za mwanzo hazikutumia hata moja kati ya hizo. Alama ya `#` ilifuta herufi na `@` ilifuta mstari mzima, kwa kuwa kwenye terminali ya karatasi wino ukishaandika umeandika. Ukiingia kwenye mfumo wa kale ukaona kila ukiandika `#` herufi iliyotangulia inapotea, umekutana na masalia hayo.

3. Nina kazi ya haraka. Amri gani inatengeneza sasa hivi?

Amri ya `stty` ndiyo inayopanga terminali upande wa seva. Andika `stty erase`, acha nafasi, bonyeza Ctrl+V, kisha bonyeza Backspace yenyewe, halafu Enter. Ctrl+V inaiambia terminali ipokee kitufe kinachofuata kama kilivyo, bila kukifanyia kazi. Ukipenda kuandika kwa mkono, chagua moja kati ya hizi, kulingana na alama uliyokuwa ukiiona:

```
stty erase '^?'
stty erase '^H'
```

Usisahau alama za nukuu, hasa kwenye zsh (mojawapo ya sheli, yaani programu zinazopokea amri zako, kama bash), ambayo huichukulia `?` kama kiulizo cha majina ya mafaili na kukataa amri. Dawa hii inadumu hadi utakapotoka tu. Ukikosea herufi ukiwa unaiandika amri yenyewe, Ctrl+U hufuta mstari mzima uanze upya. Na kama seva inasubiri 8, kubonyeza Ctrl+H kwa mkono kutafuta, maana Ctrl+H hutuma 8 siku zote.

4. Nitajuaje kitufe changu kinatuma namba gani, na seva inataka ipi?

Kwa kitufe, ukiwa ndani ya seva ya Linux andika `showkey -a` kisha bonyeza Backspace. Utaona mstari kama huu:

```
^?   127 0177 0x7f
```

Toka kwa Ctrl+D. Kama `showkey` haipo, bonyeza Ctrl+V kisha Backspace kwenye mstari mtupu. Alama itakayotokea ndiyo jibu.

Kwa upande wa seva, andika `stty -a` na utafute neno `erase`. Itakuwa `erase = ^?` au `erase = ^H`. Zikiwa tofauti na ulichokiona juu, umeshapata ugonjwa. Zikiwa sawa na bado kuna vituko, basi shida iko kwenye programu unayotumia au kwenye aina ya terminali iliyotangazwa. Nenda swali la 13 na sehemu ya Vim, Emacs na wenzao.

5. Nirekebishe kwenye kompyuta yangu au kwenye seva?

Kwenye kompyuta yako, ikiwezekana. Seva moja huingiwa na watu wengi: mmoja yuko Windows, mwingine Mac, mwingine simu. Ukiandika `stty erase '^H'` kwenye faili la mipangilio ya wote kama `/etc/profile`, umejitibu wewe na kuwaambukiza wenzako. Tena kesho ukinunua laptop nyingine tatizo litarudi likiwa limegeuka, na utakuwa umesahau ulichoweka.

Leo namba ya kuipendelea ni 127. Ndiyo chaguo la console ya Linux, la PuTTY (programu ya kuingilia seva) isipoguswa, la Terminal ya Mac na la Windows Terminal. Tumia 8 pale tu ambapo kifaa cha upande wa pili hakielewi nyingine.

## Kwenye kompyuta unayoandikia

6. Natumia PuTTY. Nibadilishe wapi?

Fungua Terminal, kisha Keyboard. Juu kabisa kuna sehemu iliyoandikwa The Backspace key, yenye chaguo mbili: Control-H na Control-? (127). Kama tayari uko ndani ya seva, bonyeza kulia juu ya upau wa juu wa dirisha, chagua Change Settings, utafika pale pale bila kukata muunganisho. Halafu rudi kwenye Session na ubonyeze Save. Wengi hubadilisha na kusahau kuhifadhi, kesho yake wanalalamika dawa haikufanya kazi.

PuTTY ina kitu kizuri ambacho watu hawakijui: Shift+Backspace hutuma ile namba nyingine ambayo hukuichagua. Kwa kazi ya dakika mbili kwenye kifaa kigeni, hiyo inatosha.

7. Kwenye Mac je?

Kwanza, kitufe kilichoandikwa delete kwenye kibodi ya Mac ndicho Backspace. Kwenye Terminal fungua mipangilio, Profiles, Advanced. Kuna kisanduku cha Delete sends Control-H. Kiache bila tiki isipokuwa seva inataka 8. iTerm2 ina chaguo kama hilo chini ya Profiles, Keys.

8. Na kwenye Linux?

GNOME Terminal: fungua mapendeleo ya wasifu wako, kichupo cha Compatibility, na utazame Backspace key generates. ASCII DEL ni 127, Control-H ni 8. Kwa xterm, weka mstari huu ndani ya `~/.Xresources` kisha uupakie kwa `xrdb -merge ~/.Xresources`:

```
XTerm*backarrowKeyIsErase: true
```

Terminali zinazofuata desturi za VT kama xterm zinaweza pia kugeuzwa papo hapo: `printf '\033[?67l'` huifanya Backspace itume 127, na ukiweka `h` badala ya `l` itatuma 8.

9. Kwa nini SSH mara nyingi haina shida hii, lakini Telnet inayo?

Kwa sababu SSH inabeba taarifa. Mteja wa SSH anapoomba terminali kwenye seva, humtumia orodha ya mipangilio ya terminali yake, pamoja na namba ya kufutia. Jambo hili limeandikwa kwenye RFC 4254 (hati ya viwango vya intaneti) ya Januari 2006. Seva inaipokea na kujipanga hivyo hivyo. Telnet haina orodha ya namna hiyo, na kebo ya console ndiyo kabisa: inapitisha baiti tupu.

Lakini wema huu una upande wa pili. SSH inabeba kile `stty` ya kompyuta yako inachosema, hata kama ni uongo. Ikiwa kwenye kompyuta yako `stty -a` inaonyesha `^H` wakati kitufe kinatuma 127, kosa hilo litasafiri nawe kila seva unayoingia. Mtu anakuja na malalamiko kwamba "seva zote nne zimeharibika", kumbe ni mstari mmoja wa zamani ndani ya `.bashrc` ya laptop yake. Ukiona seva zote zina ugonjwa mmoja, anza kwako.

## Ukiwa ndani ya seva

10. Kwenye bash Backspace inafuta vizuri, lakini nikiingia sqlplus au script inayouliza maswali, inaandika ^H. Inawezekanaje?

Swali hili ndilo linalowachanganya wengi. Kuna wafutaji wawili tofauti. Bash ina mhariri wake wa mstari, readline, ambaye anazikubali 8 na 127 zote mbili kama kufuta. Kwa hiyo ukiwa kwenye bash, hata kama namba hazilingani, hutaona kitu. Programu zisizo na mhariri wao, kama sqlplus (ya hifadhidata za Oracle), `cat` au amri ya `read` kwenye script, huiachia kazi hiyo kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kerneli inajua namba moja tu, ile iliyo kwenye `stty`. Ugonjwa ulikuwepo muda wote. Bash ilikuwa inauficha.

Usiuchukulie kama jambo la urembo. Tuseme una script ya kusajili wateja yenye mstari huu:

```
read -p "Jina la mteja: " jina
```

Karani anaandika `Ashh`, anaona amekosea, anabonyeza Backspace, anaandika `a`. Kwenye skrini anaiona `Ashh^Ha`, anaipuuza na kubonyeza Enter. Baadaye ukitoa jina hilo kwa `echo`, utaona `Asha` safi kabisa, kwa sababu namba 8 inarudisha kishale nyuma na `a` inaandikwa juu ya `h` ya pili. Ila ukimtafuta Asha kwenye hifadhidata, hayupo. Ukikagua kwa `printf '%s' "$jina" | od -c` ndipo ukweli unatoka:

```
0000000   A   s   h   h  \b   a
```

Data ya namna hii ni sumu ya kimya, na kuisafisha ni kazi kubwa kuliko kuizuia. Kwa script za bash, tumia `read -e` ili readline ishike kazi, na bado ukatae herufi za udhibiti kabla ya kuhifadhi. Kwa sqlplus, rekebisha `stty` kabla ya kuingia, au iendeshe kupitia `rlwrap sqlplus`, ambayo pia inakupa historia ya amri. Ukishaingia tayari, andika `host stty erase '^?'` humo humo.

11. Nenosiri langu linakataliwa, na nina uhakika ni sahihi.

Je, ulikosea herufi ukaifuta? Kwenye swali la nenosiri hakuna kinachoonekana, kwa hiyo ^H inaingia ndani ya nenosiri bila wewe kujua. Ukikosea, usifute herufi moja moja. Bonyeza Ctrl+U, mstari wote unafutika, andika upya. Hii inafaa kuwa mazoea, hasa kwenye seva zinazofunga akaunti baada ya majaribio machache.

12. Niandike wapi `stty erase` ili idumu?

Kama umeshajaribu upande wako na haikuwezekana (swali la 5), weka kwenye `~/.bashrc` yako wewe, na uikinge:

```
if [ -t 0 ]; then
    stty erase '^?'
fi
```

Kinga hiyo inauliza kama kweli kuna terminali. Bila hiyo, kazi za rsync na scp zitaanza kutoa ujumbe wa `stty: standard input: Inappropriate ioctl for device`, na mtu atahangaika kutafuta kosa kwenye rsync ambayo haina hatia.

Kuna wanaopendekeza `stty erase "$(tput kbs)"`, yaani iulize hifadhidata ya terminali. Siipendi sana. `tput` inajibu kile kilichoandikwa kwenye hifadhidata kuhusu terminali ya jina hilo, na hicho si lazima kiwe ndicho kitufe chako kinachotuma.

13. Backspace inaongeza nafasi badala ya kufuta, na herufi zinajirudia.

Hili ni tatizo jingine kabisa, ingawa linafanana kwa sura. Namba imefika na herufi imefutwa kweli, ila sheli haijui namna ya kuichora terminali yako upya. Jaribu: bonyeza Enter uone kama amri iliyotekelezwa ni ile uliyokusudia. Mara nyingi ndiyo.

Chanzo ni kigezo cha TERM, kinachoiambia seva jina la terminali yako. Terminali mpya hujitangaza kwa majina yao, kama `xterm-kitty` au `xterm-ghostty`, na seva yenye mfumo wa miaka iliyopita haina majina hayo kwenye terminfo, hifadhidata yake ya maelezo ya terminali. Dalili nyingine ni ujumbe wa `unknown terminal type`, au `top` na `nano` kukataa kufunguka. Kwa haraka:

```
export TERM=xterm-256color
```

Dawa ya kudumu ni kuipelekea seva maelezo ya terminali yako, mara moja tu, ukiwa kwenye kompyuta yako:

```
infocmp -x xterm-kitty | ssh jina@seva -- tic -x -
```

Yatahifadhiwa ndani ya akaunti yako bila kuhitaji ruhusa ya root. Kitty ina pia `kitten ssh`, inayofanya kazi hiyo yenyewe. Usiweke `TERM` ya uongo ndani ya `.bashrc` ya seva. Utaharibu tmux na screen, ambazo zina majina yao.

14. Akaunti mpya: Backspace inafuta, lakini vitufe vya mishale vinaandika ^[[A na ^[[D.

Akaunti iliundwa kwa `useradd` bila kutajiwa sheli. Kwenye Debian na Ubuntu inapewa `/bin/sh`, ambayo ni dash, na dash haina mhariri wa mstari. Andika `chsh -s /bin/bash`, toka, ingia tena.

15. Kitufe cha Delete kinaandika alama ya ~. Ni tatizo lile lile?

Hapana. Delete hutuma `ESC [ 3 ~`, na sheli isiyoutambua mfuatano huo inaumeza na kukuachia mkia wake. Kwenye bash ongeza `"\e[3~": delete-char` ndani ya `~/.inputrc`, kwenye zsh weka `bindkey '^[[3~' delete-char` ndani ya `~/.zshrc`.

## Vim, Emacs na wenzao

16. Kwenye Vim Backspace haifuti.

Tenganisha hali mbili. Ya kwanza: unaona ^? au ^H ikiandikwa ndani ya faili. Hapo Vim haikitambui kitufe. Andika `:set t_kb=`, bonyeza Ctrl+V kisha Backspace, Enter, halafu `:fixdel` ili Delete nayo ikae sawa.

Ya pili ni ya kawaida zaidi: hakuna alama yoyote, ila Backspace inagoma kufuta maandishi yaliyokuwepo kabla hujaingia hali ya kuandika, au inagoma kuvuka mwanzo wa mstari. Hiyo ni tabia ya vi ya zamani, na utaikuta kwenye seva zenye Vim ndogo iliyopunguzwa. Weka hii ndani ya `~/.vimrc`:

```
set nocompatible
set backspace=indent,eol,start
```

Zsh ikiwa kwenye hali ya vi nayo ina mazoea hayo hayo, na dawa yake ni `bindkey -v '^?' backward-delete-char`.

17. Kwenye Emacs Backspace inafungua msaada.

Ctrl+H ndiyo njia ya msaada kwenye Emacs, na terminali yako inatuma 8, ambayo ndiyo hiyo hiyo Ctrl+H. Ni bora ubadilishe terminali itume 127. Ikishindikana, andika `M-x normal-erase-is-backspace-mode`, na kwa msaada tumia F1.

18. Nje ya tmux au screen iko sawa, ndani inaharibika.

Tmux na screen ni programu zinazokupa madirisha mengi ndani ya terminali moja, na kila dirisha lao ni terminali mpya yenye `stty` yake na `TERM` yake. Rudia vipimo vya swali la 4 ukiwa ndani. Majibu ya nje hayahesabiki. Kwenye tmux hakikisha `TERM` inaanza na `tmux` au `screen`, na kama programu ya ndani inataka namba tofauti, kuna `set -s backspace` kwenye `~/.tmux.conf`. Kwenye screen, weka hii ndani ya `~/.screenrc`:

```
bindkey -k kb stuff "\177"
```

Badilisha `\177` kuwa `\010` kama unachotaka ni 8.

## Hali za pembeni

19. Nimeunganisha kebo ya console kwenye swichi au ruta, na Backspace haifuti.

Hapa hakuna wa kubeba taarifa kama kwenye SSH, na huna `stty` ya kurekebisha upande wa pili. Baadhi ya vifaa vinakubali 8 na 127 zote; vingine vinataka 8 peke yake. Badilisha upande wako. Kwenye minicom bonyeza Ctrl+A, kisha T, kisha B, na chaguo litageuka kati ya BS na DEL. Kwenye picocom ifungue hivi:

```
picocom -b 9600 --omap delbs /dev/ttyUSB0
```

Uwe mwangalifu na vifaa vya namna hii. Kubandika mipangilio mingi kwa mkupuo ukiwa hujajua kama Backspace inafanya kazi kunaweza kuacha maelezo ya bandari yenye herufi za ajabu, ambazo zitakusumbua siku ya kuyafuta.

20. Herufi moja inahitaji kufutwa mara tatu, au inapoondoka inaondoka na jirani zake.

Herufi za kawaida za Kiswahili ni baiti moja kila moja, kwa hiyo hutaona shida mpaka ubandike kitu kutoka kwenye simu. Simu nyingi hugeuza alama ya ng' kuwa ile ya mkunjo, ’, na mkunjo huo kwenye UTF-8 ni baiti tatu. Kerneli isipoambiwa kwamba unatumia UTF-8, kila Backspace inafuta baiti moja huku ikirudisha kishale hatua moja. Andika `ng’` kisha bonyeza Backspace mara moja: mkunjo umetoweka machoni, lakini baiti zake mbili bado zipo, na zikiingia kwenye jina la faili utapata jina lisilosomeka. Bonyeza mara tatu: skrini ni tupu, ila `ng` bado ipo. Maandishi ya Kiarabu, yenye baiti mbili kwa herufi, yanasumbua vivyo hivyo.

Dawa ni `stty iutf8`. SSH za kisasa huipeleka taarifa hii zenyewe. Imewekwa rasmi kwenye RFC 8160 ya Aprili 2017. Seva ya kale, Telnet na kebo ya console utaiweka kwa mkono. Kama vituko viko kwenye bash yenyewe, andika `locale` na uhakikishe seva ina lugha yenye UTF-8, kwa mfano `C.UTF-8` au `en_US.UTF-8`.

21. Nikifuta mstari mrefu, mabaki ya herufi yanabaki kwenye skrini na siwezi kuyafikia.

Bash imekosea kuhesabu upana wa kidokezo chako. Ukitia rangi kwenye PS1 (kigezo chenye kidokezo hicho), kila msimbo wa rangi lazima ufungwe kati ya `\[` na `\]`, vinginevyo bash inauhesabu kama herufi zinazoonekana:

```
PS1='\[\e[32m\]\u@\h\[\e[0m\]:\w\$ '
```

Kama PS1 ni safi, tatizo ni ukubwa wa dirisha. Kwenye kebo ya console seva haiwezi kuujua. Iambie mwenyewe, mfano `stty rows 40 cols 120`.

22. Inafuta, lakini kwa kuchelewa, na nikiachia kitufe inaendelea kula herufi.

Huo ni umbali. Kila mbonyezo unasafiri hadi kwenye seva na kurudi kabla hujauona. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi seva iliyoko Ulaya, safari hiyo hupita milisekunde 100 hata siku njema. Siku mbaya, kama tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kuandika amri moja kulikuwa mateso.

Usishikilie Backspace. Tumia Ctrl+W kufuta neno na Ctrl+U kufuta mstari. Mbonyezo mmoja, safari moja. Tahadhari moja: ukiwa kwenye terminali ya ndani ya kivinjari, Ctrl+W inafunga kichupo chote, kwa hiyo bonyeza Esc kisha Backspace. Kwa wanaoishi na mtandao mzito kila siku, mosh, programu ya kutumia badala ya SSH ya kawaida, inafaa sana: inaonyesha ulichoandika papo hapo bila kusubiri seva, na haikatiki ukibadilisha mtandao. Inahitaji bandari za UDP kati ya 60000 na 61000 zifunguliwe, na UTF-8 pande zote mbili.

23. Nilifanya `cat` kwenye faili lisilo la maandishi, sasa hakuna kitufe kinachofanya kazi, hata Enter inaandika ^M.

Usifunge dirisha kama kuna kazi inaendelea ndani yake. Bonyeza Ctrl+J, andika `stty sane`, bonyeza tena Ctrl+J. Ctrl+J ndiyo Enter halisi ambayo kerneli huielewa hata mipangilio ikivurugika. Huenda usiyaone unayoyaandika, andika tu. Herufi zikiendelea kuonekana kama michoro, fuatisha `reset` kwa namna hiyo hiyo. Kwenye Linux `stty sane` hurudisha namba ya kufutia kuwa 127, kwa hiyo kama terminali yako ni ya 8, rudia swali la 3.